Mzigo wa Mpakani: Maswali Matatu Kabla ya Kununua

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia zilizo karibu na mpaka wa Namanga



 Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya ushuru wa forodha kwa mtu anayevuka mpaka kwenda kununua kitu na kukirudisha nyumbani. Wengine mtasema hii ni mada ya maafisa wa serikali, siyo ya kanisa. Mimi nasema ni mada yetu, tena ni ya mama anayeuza dukani na kijana mwenye bodaboda kuliko ya tajiri mwenye malori. Tajiri ana wakala wa forodha. Mama yetu hana mtu wa kumwambia haki yake ni ipi, na asiyejua haki yake hulipa mara mbili, au hukimbilia njia za panya.

Namanga ni mji mmoja wenye jina moja pande zote mbili za mstari. Upande huu ni Wilaya ya Longido, Mkoa wa Arusha. Upande ule ni Kajiado, Kenya. Watu wetu wanaoana, wanazikana, wanasali pamoja, na wananunua pale penye nafuu. Hakuna dhambi kununua ng'ambo. Linalotuletea matatizo ni jinsi mzigo unavyorudi nyumbani.

Tulikotoka

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba bidhaa za Kenya zilikuwa zikitozwa ushuru zikiingia kwetu. Wanakumbuka sawasawa. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa na nguvu zaidi, ilikubaliwa kwamba baadhi ya bidhaa zake ziendelee kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru huo upungue mwaka hadi mwaka, na ufike sifuri baada ya miaka 5. Ndivyo ilivyokuwa kufikia mwaka 2010. Bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya nazo ziliwekewa ushuru wa pamoja: sifuri kwa mali ghafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 likaongezwa kundi la asilimia 35 kwa bidhaa zilizochaguliwa, zikiwemo samani, nguo na bidhaa za ngozi. Zipo pia bidhaa chache zinazolindwa kwa viwango vya juu zaidi ya hivyo.

Kutokana na historia hiyo, watu wetu wamebaki na mawazo mawili, na yote mawili yanawaumiza. Wapo wanaosema, "Ushuru uko palepale, afadhali nipite porini." Wapo wanaosema, "Sisi ni Afrika Mashariki moja, hakuna ushuru tena, napita tu." Wa kwanza anakimbia ushuru ambao pengine hadaiwi. Wa pili anashangaa anapokamatwa. Ili tutoke hapo, napendekeza kila kikundi kijiulize maswali matatu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Swali la kwanza: kimetengenezwa wapi?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo watu wengi hawalijui. Sheria haiulizi umenunua wapi. Inauliza kitu kimezalishwa au kutengenezwa wapi. Kununuliwa Kenya si kutengenezwa Kenya.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amenunua sabuni ya kiwanda cha Nairobi, na mwenzake amenunua viatu vilivyotoka China katika mtaa huo huo wa Nairobi. Wamepanda basi moja, wamekaa kiti kimoja. Wakifika mpakani, sabuni ina haki ya kuingia bila ushuru wa forodha kwa sababu ni mali ya Afrika Mashariki. Viatu havina haki hiyo. Vitatozwa ushuru wa pamoja kama mali iliyotoka nje ya Jumuiya, na risiti ya duka la Nairobi haibadilishi neno hilo. Mitumba nayo ni hivyo hivyo, hata kama bunda lilifunguliwa na kupangwa upya Kenya.

Tuone tofauti yake kwa hesabu. Tuseme thamani ya mzigo ni shilingi 1,000,000. Kama ni mali ya Afrika Mashariki na una cheti cha kuthibitisha, ushuru wa forodha ni sifuri. Inabaki kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 180,000. Kama ni mali ya nje iliyo katika kundi la asilimia 25, ushuru ni shilingi 250,000, halafu kodi ya ongezeko la thamani inahesabiwa juu ya shilingi 1,250,000, nayo ni 225,000. Jumla ni shilingi 475,000. Tofauti ni shilingi 295,000, bila kugusa tozo nyingine ndogo ndogo. Kwa kikundi cha akina mama 20, fedha hiyo ni mtaji.

Mmesikia kwamba hata mali ya Afrika Mashariki inalipiwa kodi ya ongezeko la thamani. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mtu ameambiwa hakuna ushuru, akifika anadaiwa asilimia 18, anadhani ameibiwa. Hajaibiwa. Ushuru wa forodha ni kitu kimoja, na kodi za ndani za nchi ni kitu kingine. Mazao ghafi ya chakula kama mahindi na maharage hayatozwi kodi hiyo hapa kwetu, lakini bidhaa nyingi za kiwandani zinatozwa. Mkipanga bei ya kuuza, iwekeni humo tangu mwanzo.

Swali la pili: thamani yake ni kiasi gani?

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu rahisi kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola za Marekani 2,000, wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, unapita kwa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa. Ni fomu fupi. Inajazwa hapo hapo mpakani, inagongwa muhuri na afisa forodha wa nchi mzigo unakotoka, na huhitaji kumlipa wakala. Kwa mali inayotoka Kenya, cheti kinatolewa na forodha ya Kenya. Kwa mali inayotoka kwetu, kinatolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kizinduliwe Namanga mwezi Desemba 2018, anayetoka Kenya anamalizia taratibu za nchi zote mbili katika jengo la upande wetu, na anayetoka kwetu anamalizia katika jengo la upande wao. Vituo vya namna hii viko pia Holili na Taveta, Mutukula na Rusumo.

Wengi wanaokwepa cheti hiki hawajakataliwa, hawajawahi kukiomba. Mama anafika, anaona watu wenye makaratasi mengi, anaona aibu kuuliza, kijana mmoja anamwambia, "Mama, nipe elfu kumi nikuvushe." Anampa. Kesho anampa tena. Mwisho wa mwaka amelipa fedha nyingi kwa mtu asiyetoa risiti, kukwepa ushuru ambao kisheria ungekuwa sifuri. Naomba wajumbe mlitafakari hilo.

Thamani inathibitishwa kwa risiti. Dukani ombeni risiti yenye jina la bidhaa, idadi na bei. Ukifika bila risiti, afisa atakadiria thamani kwa kumbukumbu alizonazo, na makadirio yake yanaweza kuwa juu ya bei uliyolipa. Ukileta risiti ya uongo yenye bei ndogo, umejiingiza pabaya zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema tamko la uongo ni kosa linaloweza kumpeleka mtu kifungo hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000. Hiyo ni zaidi ya mtaji wa vikundi vyetu vingi.

Nigusie pia ujanja wa kugawanya mzigo. Mtu ana mzigo wa dola 5,000, anaugawa kwa vijana 10, kila mmoja avuke na kifurushi chake, na wengine ni watoto wa shule. Nawaombeni, tusiufumbie macho. Mtoto akizoea kulipwa kwa kuvusha kifurushi asichojua kilichomo, siku moja atavusha kitu ambacho hakuna mzazi atakayeweza kumtetea.

Na mtu anayenunua vitu vyake mwenyewe, siyo vya kuuza? Sheria inatambua mizigo binafsi ya abiria: nguo zake na vitu vyake vya matumizi alivyosafiri navyo. Vinywaji vina kiasi chake. Abiria aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kuingia na divai isiyozidi lita 2, au pombe kali isiyozidi lita 1, bila ushuru. Nalisema hili mbele ya mapadre kwa makusudi. Katoni ya divai yenye chupa 12 za mililita 750 ni lita 9. Kuwa kwake divai ya misa hakuipunguzi lita. Itamkwe na ilipiwe.

Swali la tatu: kinahitaji kibali gani?

Hata pale ambapo ushuru ni sifuri, vibali havifutiki. Ushuru unalinda mapato na viwanda. Kibali kinalinda afya za watu, mifugo na mazao. Dawa za binadamu na za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vyakula vya viwandani na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Mimea na mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na mifugo inahitaji kibali cha mifugo. Sukari kutoka nje inahitaji kibali kupitia Bodi ya Sukari, kwa hiyo mifuko kumi ya sukari ya "harusi ya mtoto" siyo jambo jepesi kama tunavyolichukulia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ukitoka dukani nayo popote, usifike nayo mpakani.

Kwa nini nasisitiza vibali? Kwa sababu parokia nyingi zina miradi ya kuku. Mwishoni mwa Oktoba 2017, hapa hapa Namanga, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali viliteketezwa kwa moto na mamlaka zetu, na sababu iliyotolewa ilikuwa hatari ya mafua ya ndege. Jambo lile liliumiza watu pande zote mbili na kuzua maneno mengi. Tunaweza kujadili kama adhabu ile ilistahili au la. Lakini mjumbe wa kamati anayesimamia fedha za kikundi anapaswa kubaki na hili: karatasi moja iliyokosekana iligharimu mzigo wote. Wala haukuwa mzigo wa bangi. Ni vifaranga, kitu tunachonunua kila msimu.

Masharti pia yanaweza kubadilika ghafla. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, na mahindi yawe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango. Aliyekuwa amekwisha kupakia wiki ile alibaki barabarani na mzigo wake. Kwa hiyo, ulizeni kabla ya kununua, siyo baada ya kupakia. Simu moja kwa ofisi ya forodha ni nafuu kuliko siku tatu za kulala mpakani.

Gari la parokia

Sasa naomba niseme jambo ambalo huenda halitafurahisha kila mtu. Kuna tabia ya kutumia gari la kanisa kupitisha mizigo isiyotamkwa. Mtu anamwendea padre au sista na kusema, "Naomba unisaidie kubeba kimzigo kidogo, ninyi hawawakagui." Padre ana huruma, anakubali. Lakini ile heshima tunayopewa kizuizini haikuwekwa ili tuiuze. Kwa sheria, chombo cha usafiri kinachotumika kwa magendo kinaweza kukamatwa na kutaifishwa. Gari hilo ndilo linalompeleka mama mjamzito zahanati usiku. Likikamatwa kwa ajili ya mabunda mawili ya mitumba ya mtu mmoja, atakayelipa ni yule mama.

Vivyo hivyo, mzigo haupati msamaha wa kodi kwa sababu umeandikwa jina la kanisa. Msamaha, pale unapostahili kisheria, huombwa kwa barua na kupatikana kabla mzigo haujafika. Kama hamna barua ya msamaha mkononi, hesabuni kwamba mtalipa.

Waamini wenzangu, Injili inawafahamu watu wa forodha. Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Zakayo alipoongoka alirudisha mara nne alichodhulumu. Katika habari hizo kuna wajibu wa pande mbili. Anayetoza asizidishe, na anayetozwa, kilichoamriwa akitoe. Hatuwezi kumdai afisa awe Zakayo aliyeongoka huku sisi wenyewe tumeficha bunda chini ya kiti.

Na afisa akizidisha? Hilo lipo, na tusijifanye hatulijui. Nawashauri hivi. Msilipe fedha mkononi. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo na yanaingia benki au kwa simu, na risiti inatoka. Ombeni mwelezwe kwa kuandikwa: bidhaa gani, thamani gani, kiwango gani cha ushuru. Mkiona mmeonewa, ombeni kumwona msimamizi wa kituo. Mama akiwa peke yake ni vigumu kufanya hivyo; akiwa na katibu wa kikundi na karatasi zake zimekamilika, anasikilizwa.

Mapendekezo kwa kamati na wafadhili

Kwa kamati za parokia, naomba mambo manne yafanyike kabla ya mkutano wetu wa robo mwaka ujao.

Kwanza, kila kamati ichague watu wawili, angalau mmoja awe mama, waende kituo cha mpakani wakachukue orodha ya bidhaa za utaratibu rahisi pamoja na nakala ya fomu ya cheti, na waibandike kwenye ubao wa matangazo wa kanisa.

Pili, vikundi vinavyonunua mara kwa mara vinunue kwa pamoja na kutunza daftari la manunuzi: bidhaa, ilikotengenezwa, bei, ushuru uliolipwa, namba ya risiti. Ila kila mzigo utamkwe kwa thamani yake ya kweli, na ukizidi dola 2,000 ufuate utaratibu wa kawaida.

Tatu, kamati ipitishe azimio kwamba gari la parokia halibebi mzigo usiotamkwa, wa mtu yeyote. Azimio likiwa limeandikwa, padre na dereva wana la kumjibu anayewabembeleza.

Nne, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wazungumze na wazazi juu ya watoto wanaotumika kuvusha vifurushi.

Kwa wafadhili wetu, ambao tunawashukuru kwa moyo wote, nina ombi moja. Baadhi ya mikataba ya ufadhili hairuhusu fedha za mradi kulipia kodi. Tunaelewa sababu zake. Lakini kikundi kinapopewa fedha kamili za kununulia mashine ya kusaga na hakuna hata shilingi ya ushuru, mashine ikifika mpakani kikundi kinabaki na njia mbili: kukopa kwa riba, au kupita usiku. Tukae pamoja kabla ya kusaini, tujue mashine inatengenezwa wapi, inadaiwa nini, na nani atalipa. Pengine tutagundua kwamba mashine iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya inatosha, na inaingia bila ushuru wa forodha. Pengine tutagundua kwamba tunahitaji miezi miwili ya kuomba msamaha. Vyovyote iwavyo, lijulikane mapema na liandikwe kwenye bajeti.

Ndugu zangu, mpaka huu hatukuuchora sisi, lakini tunaishi juu yake. Mama anayevuka kwa njia ya kawaida, mchana, akiwa na risiti na cheti chake, hamwogopi polisi, hamwogopi kijana wa kumvusha, na usiku analala. Tukijifunza maswali haya matatu na kuyafundisha, wengi wa watu wetu wataona kwamba njia halali si ghali kama walivyodhani. Na pale itakapokuwa ghali kweli, tutakuwa na takwimu zetu daftarini za kuwaonyesha wabunge wetu na viongozi wa Jumuiya, badala ya kulalamika mitaani.